Dakika kumi jukwaani: namna ya kuangalia mchezo mfupi



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, na jioni moja wanafunzi wa kitivo kingine walitualika kuangalia michezo mifupi. Michezo ilikuwa mine, kila mmoja dakika kumi. Wa kwanza: bwana mmoja amemletea mkwe wake mbuzi wa mahari, kumbe mbuzi ni wa jirani, na jirani naye amealikwa kwenye ile sherehe. Tulicheka mpaka machozi. Wa pili: mwalimu anasahihisha mitihani akiwa na njaa, na kila mwanafunzi anayeingia kulalamika ana kitu cha kula mkononi. Tulicheka tena.

Wa tatu, akaingia dada mmoja peke yake. Kiti kimoja, simu moja. Anapiga namba, ile sauti ya mashine inajibu kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Yeye anaendelea kuongea na mashine kama vile anaongea na kaka yake: mama anauliza habari yako, viatu vyako nimevipaka rangi, mbona haujibu. Anapiga tena. Sauti ni ileile. Anaanza kugombana nayo. Sale nzima ikacheka, na mimi nilikuwa kati ya wale waliocheka kwa nguvu. Mwishoni alileta sahani ya bugali na sombe, akaiweka kwenye kiti, akaweka simu pembeni ya sahani, akatoka. Taa zikazimwa. Tukapiga makofi huku tunacheka.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye hakufungua kinywa kwa muda wote ule. Wakati tunatoka akaniambia polepole: "Mutoto yangu, ule dada alikuwa anaitia mufu simu." Sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Ndiyo, papa."

Sisi ni watoto wa Mashariki ya Congo. Familia nyingi kwetu ziko na namba moja kwenye simu ambayo hakuna mtu anayethubutu kuifuta. Lakini sisi hao ndio tulicheka. Haikuwa juu ya moyo mbaya. Ilikuwa juu tulijua aina moja tu ya mchezo mfupi, yaani kichekesho. Kwetu "mfupi" ilikuwa na maana ya "wa kuchekesha", basi. Dada alituletea kitu kingine, na sisi tukakipokea kwa mkono uleule.

Tangu siku ile nimejaribu kujifunza namna ya kuangalia michezo hii, na leo nataka tuongee pamoja juu ya hilo. Si lazima uwe umesoma sanaa. Mtu wa sheria, wa uchumi, wa udaktari au wa kilimo, wote munaweza.

1. MCHEZO WA DAKIKA KUMI NI KITU GANI?

Kwanza tuondoe kosa moja. Mchezo wa dakika kumi si kipande kilichokatwa kwenye mchezo mrefu. Ni mchezo mzima: una mwanzo, kuna kitu kinachogeuka, una mwisho. Kwa desturi waandishi wanahesabu ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa hiyo maandishi yake hayapiti kurasa kumi. Waigizaji ni wawili, watatu, mara chache wanne. Vyombo vya jukwaani ni vichache: viti, meza, pengine mlango. Sababu yake ni rahisi. Jioni moja inabeba michezo sita, saba au zaidi, na kati ya mmoja na mwingine lazima jukwaa lisafishwe haraka.

Umbo hili lilipata nguvu sana Marekani, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Kuko jumba moja la maonyesho linaloitwa Actors Theatre, ambalo Jon Jory aliliongoza kuanzia 1969 mpaka 2000. Tamasha lao la michezo mipya lilianza mwaka 1976, na mwaka 1989 wakafungua shindano la nchi nzima la michezo ya dakika kumi. Kule Australia, katika mji wa Sydney, tamasha la Short+Sweet lilianza mwaka 2002 kwa mtindo uleule, kisha likasambaa katika nchi nyingine.

Lakini jioni ya michezo mifupi ni ya zamani kuliko hapo. Paris ilikuwa na jumba dogo, Grand-Guignol, lililofunguliwa mwaka 1897 na kufungwa mwaka 1962. Watu walikwenda pale kuogopeshwa. Na wenye jumba walikuwa na akili moja ambayo nitairudia hapo chini: walipanga mchezo wa kutisha, kisha wa kuchekesha, kisha wa kutisha tena, sawa na mtu anayeogeshwa kwa maji ya moto na ya baridi kwa zamu.

2. DAKIKA KUMI ZINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mchezo mrefu una muda wa kukujulisha ukoo mzima. Mchezo mfupi hauna. Unaingia sawa na mgeni anayefika nyumbani mwa watu na kukuta ugomvi umeshaanza. Hakuna anayekueleza kitu. Unaangalia nani amesimama, nani amekaa, nani haangalii machoni mwa mwenzake, na kutokana na maneno mawili matatu ya kwanza unajua nani ana deni kwa nani.

Kwa hiyo kuko mambo matatu ya kuangalia tangu dakika ya kwanza.

La kwanza, mtu huyu anataka nini sasa hivi? Usiulize anataka nini katika maisha. Uliza anataka nini hapa, kabla hajatoka mlangoni. Dada yetu alitaka jambo moja: kaka yake ajibu.

La pili, ni kitu gani kinachogeuka? Ndani ya dakika kumi hakuna nafasi ya mageuzi matano. Kuko moja, mara nyingi karibu na dakika ya saba au ya nane. Ukilikosa, umekosa mchezo wote.

La tatu, chombo gani kimebeba uzito? Juu vyombo ni vichache, hakuna kinachowekwa pale bure. Sahani ile ya bugali haikuwa pambo. Kwetu chakula kinawekewa mtu ambaye anatazamiwa kurudi. Sahani ilisema jambo ambalo dada hakutaka kulitamka.

3. KILA AINA INA SWALI LAKE

Hapa ndipo penye kazi. Mtu akiingia sokoni kununua samaki, hamuulizi muuzaji kama samaki ameiva kama ndizi. Vilevile michezo: kila aina unaiuliza swali lake.

Kichekesho. Swali lake ni: ni utaratibu gani unaochekesha? Kicheko kizuri kina mashine ndani yake. Chukua mchezo wa Mmarekani David Ives unaoitwa Sure Thing, wa mwaka 1988. Kijana anamkuta msichana amekaa peke yake kwenye mkahawa, anaomba kukaa. Kila mara mmoja wao anaposema neno linaloharibu mazungumzo, kengele inalia, na wanarudia kutoka pale palipoharibika, kwa jibu lingine. Wanaharibu, kengele, wanaharibu, kengele. Kila mmoja wetu amewahi kurudi nyumbani akijilaumu, "lau ningesema vile!" Mwandishi amechukua lile jambo moja na kulipa kengele. Ukicheka, angalia pia unachochekea: ni hofu yetu ya kukataliwa. Kichekesho kisicho na kitu cha kweli ndani yake unakisahau kabla haujafika nyumbani.

Mchezo wa mtu mmoja. Swali lake ni: anaongea na nani, na anaficha nini? Mrusi Anton Chekhov, ambaye alikuwa daktari, aliandika kimoja kinachohusu madhara ya tumbaku. Alikiandika mara ya kwanza mwaka 1886, akakirudia na kukibadilisha mpaka miaka ya mwisho ya maisha yake. Bwana mmoja amesimama mbele ya watu kutoa mafundisho juu ya tumbaku, juu mke wake amemwamuru. Anaanza vizuri, anapotea njia, anarudi, anapotea tena. Watu wanacheka. Kidogo kidogo wanagundua kwamba tumbaku haina kazi hapa: mtu huyu anaeleza miaka zaidi ya thelathini ya kudharauliwa nyumbani mwake. Anafikia kuvua koti lake kuukuu na kulikanyaga. Halafu anamwona mke wake pembeni ya jukwaa, na haraka anarudi kwenye tumbaku kama vile hakuna kilichotokea.

Nilipousoma mchezo huu ndipo nilielewa kosa letu vizuri. Kosa halikuwa kucheka. Chekhov anataka ucheke. Mtu anayegombana na mashine ya simu anachekesha kweli. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukunyamaza pale ambapo mchezo uligeuka. Kicheko kilikuwa na saa yake ya kwisha, na sisi tukaipita.

Mchezo wa kimya. Kuko michezo ambayo karibu haisemi kitu. Samuel Beckett, mtu wa Ireland aliyeishi Paris na kuandika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, aliandika mwaka 1965 mchezo wa Come and Go ambao una maneno kama 120 tu. Wanawake watatu wamekaa kwenye benchi moja, marafiki wa tangu utoto. Mmoja anatoka, wa pili anamnong'oneza wa tatu habari ya yule aliyetoka, wa tatu anashtuka. Yule anarudi. Kisha anatoka mwingine, na mambo ni yaleyale, mpaka wote watatu wamezungukwa. Sisi hatusikii kilichonong'onezwa. Lakini tunaelewa kwamba kila mmoja anajua balaa ya wenzake wawili, na hajui ya kwake. Swali la kuuliza hapa si "wanasema nini?" Uliza: nini kinajirudia, na kila kinapojirudia nini kinaongezeka? Mtu anayeingia akitafuta hadithi atasema mchezo huu hauna kitu. Mtu aliyewahi kukaa kwenye matanga na kuona watu wakinong'onezana pembeni ya mgonjwa mwingine ataelewa mara moja.

Mchezo wa siasa. Swali lake ni: nani ana amri juu ya mwili wa nani? Beckett huyohuyo aliandika Catastrophe mwaka 1982 kwa ajili ya Václav Havel, mwandishi wa Czechoslovakia ambaye wakati ule alikuwa gerezani, na ukachezwa kwenye tamasha la Avignon kule Ufaransa. Mtu mmoja amesimama juu ya kijukwaa, kichwa kimeinama, hasemi kitu. Mwongozaji na msaidizi wake wanampanga kama sanamu: mkono hivi, kichwa chini zaidi, vua hiki. Hakuna nchi inayotajwa, hakuna rais, hakuna askari. Mwishoni makofi yanasikika, watu wamefurahi. Yule mtu anainua kichwa polepole na kuwaangalia. Makofi yanapungua, yanakatika. Havel alitoka gerezani mwaka uliofuata, na Desemba 1989 akawa rais wa nchi yake.

Angalieni: mchezo mzima umebebwa na shingo moja inayonyooka. Na makofi yaliyokatika ni ya watu waliodhani wanajua wanachoangalia. Mimi kila nikifikiri juu ya makofi yale, nakumbuka makofi yetu ya usiku ule.

4. UPANGAJI WA JIONI

Sasa turudi kwa watu wa Grand-Guignol. Walijua kwamba mwili wa mtazamaji hausahau haraka. Ukimchekesha dakika kumi, anaingia kwenye mchezo unaofuata akiwa bado mlegevu, kifua kimefunguka. Wao walitumia jambo hilo kwa makusudi: kicheko kinakulegeza, kisha hofu inakupata haujajikinga.

Lakini upangaji huohuo unaweza kuua mchezo. Jioni yetu waliweka vichekesho viwili mfululizo, kisha wakamleta dada bila hata nusu dakika ya giza, bila neno. Kwa hiyo wale wanaopanga jioni za michezo kwenye vyuo vyetu, niwaombe mambo madogo: acheni taa zizimwe kidogo kati ya mchezo na mchezo. Andikeni kwenye karatasi ya mlangoni jina la kila mchezo na aina yake. Haigharimu kitu. Na ninyi watazamaji, giza likiingia, musitoe simu. Acheni mchezo uliokwisha utoke kichwani kwanza.

5. "SOMO LAKE NI NINI?"

Kuko tabia nyingine tuliyo nayo. Mchezo ukiisha, swali la kwanza ni hili: somo lake ni nini? Nafikiri naelewa lilikotoka. Wengi wetu tulikutana na maigizo kwa mara ya kwanza kupitia mashirika yanayohamasisha: noweni mikono, nendeni muchanjwe, musiwaoze watoto. Ile ni kazi ya maana, imeokoa watu. Lakini imetuzoeza kungoja amri mwishoni.

Mchezo wa dakika kumi mara nyingi haukupi amri. Unakupa hali, kisha unazima taa. Badala ya "somo ni nini?", jaribu kuuliza: "Nimebaki na picha gani?" Mimi nimebaki na sahani na simu juu ya kiti kimoja, na miaka imepita. Ukiwa na picha, somo utalipata mwenyewe polepole, tena litakuwa lako.

6. SISI TUNA ASILI YETU

Asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu. Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, lililocheza kwa Kiswahili cha Katanga, na watu walilifuata kwenye redio na televisheni kwa miaka mingi. Waigizaji wake hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya njia ya hadithi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza juu ya msemo mmoja alioukuta kule, unaosema kwamba mamlaka huliwa nzima. Wao wakauchukua ule msemo na kuujengea mchezo, na Fabian baadaye akaandika kitabu juu ya kazi ile, kilichotoka mwaka 1990.

Munaona njia? Msemo mmoja, kundi la watu, mchezo. Sisi tuko na misemo ya kila kabila, tuko na foleni za benki, tuko na barua za kuomba kazi zisizojibiwa, tuko na mama anayehesabu pesa za masomo usiku kwa mwanga wa simu. Kila moja ni dakika kumi. Mwandishi Suzan-Lori Parks, Mmarekani mweusi, alianza tarehe 13 Novemba 2002 kuandika mchezo mmoja kila siku kwa mwaka mzima. Mingi ni mifupi kuliko dakika kumi. Sisemi tufanye hivyo. Lakini mtu aliyemaliza masomo na anangoja kazi hawezi kukosa kurasa kumi ndani ya mwezi, viti viwili, na marafiki wawili wa kucheza.

7. KUMALIZIA

Kwa hiyo, ukialikwa tena, beba haya: ingia bila kuamua mapema kama utacheka. Tafuta mtu anataka nini. Shika jicho kwenye chombo kimoja. Uliza swali la aina ile. Na mchezo ukigeuka, geuka nao. Taa zikizimwa, vuta pumzi moja kabla ya kupiga makofi.

Yule dada nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye sherehe ya kutoa diplome za mdogo wangu. Nilimtambua, nikaenda kumsalimu, nikamwambia kwamba nilikuwa pale na nilicheka, na ninaomba msamaha. Alitabasamu. Akasema: "Hapana, kaka. Kile kicheko cha kwanza nilikuwa nakitaka. Nilikuwa nangoja tu munyamaze."

Wapendwa, na ninyi? Ni mchezo gani mfupi mulioangalia na kuuelewa mukiwa mumeshachelewa? Tuandikieni hapo chini, tujifunze pamoja.